Nguvu na Agano: Dini kama Chanzo cha Miujiza katika Michezo ya Ulimwengu wa Kubuni

UTANGULIZI

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kushughulikia ulimwengu wa kubuni uliomo vitabuni. Kusadikika, nchi iliyoning'inia hewani ambayo Shaaban Robert aliitolea kitabu mwaka 1951, imechambuliwa na vizazi kadhaa vya wahakiki, na aghalabu imesomwa kama kioo cha nchi nyingine iliyo ardhini. Lakini uko ulimwengu wa kubuni wa aina nyingine ambao haujapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki huo, nao ni ule unaojengwa kwa ajili ya mchezo. Katika utanzu huu mtunzi hasimulii kisa mpaka mwisho. Huandika nchi, watu wake, miungu yao na kanuni zinazowatawala, kisha huwaachia wachezaji walioketi meza moja watunge kisa wenyewe kwa mdomo. Kila mchezaji husema maneno na matendo ya mhusika wake. Msimamizi husema yanayotokea katika nchi. Na dadu huamua yale ambayo maneno peke yake hayawezi kuyaamua. Kwa kuwa kisa hutungwa papo hapo, mbele ya hadhira ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotunga, haitakuwa kosa kuuweka utanzu huu karibu zaidi na masimulizi ya mdomo kuliko riwaya.

Makala hii inachunguza jambo moja tu katika utanzu huo, nalo ni jinsi dini inavyofanywa kuwa chanzo cha nguvu zipitazo maumbile. Kazi zitakazochunguzwa ni tatu, zote za Marekani: Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson (1974); RuneQuest (1978), pamoja na kitabu kilichoikamilisha, Cults of Prax (1979), vya Steve Perrin, Greg Stafford na wenzao; na King of Dragon Pass (1999), mchezo wa kompyuta ulioongozwa na David Dunham na kujengwa juu ya ulimwengu wa Stafford. Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu itokayo katika dini hutambulikana kwa deni linalomfunga anayeipokea, wala haitambulikani kwa ukubwa wa tendo lake. Mchezo unaohesabu nguvu na kusahau deni huwa umechukua jina la dini na kuiacha dini yenyewe. Itaonekana vile vile kwamba lugha ya Kiswahili, katika msamiati wake wa siku zote, ilikwisha kuliona jambo hili kabla ya watunzi wa michezo.

SUALA LA ISTILAHI

Mhakiki anayetaka kuandika juu ya mada hii kwa Kiswahili hukutana na kizuizi katika mlango wa kwanza. Waingereza wana neno moja pana linalotumika kwa tendo la nabii, la mganga, la mchawi na la mwana mazingaombwe wa jukwaani. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Muujiza ni jambo la ajabu alitendalo Mungu kwa mkono wa mtume wake, ili ujumbe usadikiwe. Karama ni heshima anayotunukiwa mcha Mungu. Yeye mwenyewe hawezi kuiamuru, na aghalabu huificha. Baraka, radhi na laana hupita katika vinywa vya wazazi na wazee, na hushika kwa sababu ya haki iliyopo baina ya mtoaji na mpokeaji. Uganga ni elimu na kazi: mganga hufunzwa au hurithi, hutoza ada, na huwa na miiko ambayo akiivunja dawa zake hazifanyi kazi. Uchawi ni kudhuru watu kwa siri. Mazingaombwe na kiinimacho ni hila za kuyadanganya macho.

Yafaa izingatiwe kwamba maneno haya hayatofautiani kwa kipimo cha nguvu. Walii avukaye mto kwa miguu na mchawi arukaye usiku kwa ungo hutenda mambo yanayokaribiana sana kwa ukubwa. Tofauti yao imo katika idhini, katika kusudi, na katika yule ambaye mwisho wa yote atataka hesabu. Mwalimu anayeandika aya za Kurani kwa zafarani katika sahani na kuziosha ili mgonjwa anywe kombe hadai kwamba nguvu ni zake. Yeye ni njia tu, na njia hiyo hubaki wazi kwa adabu.

Kwa hiyo, kuziita kanuni hizi za michezo "mfumo wa uchawi", kama inavyoelekea mtu kufanya akitafsiri kwa haraka, ni kosa la maana kabla ya kuwa kosa la mtindo. Katika Kenya kosa hilo lina uzito zaidi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliandikwa na serikali ya kikoloni, na katika eneo la Kilifi wazee wamepoteza maisha yao kwa kutuhumiwa uchawi. Neno lililomwaga damu halifai kuazimwa ovyo kwa ajili ya burudani. Makala hii itatumia istilahi "nguvu za dini", na pale inapohitajika itataja muujiza, karama au uganga kwa jina lake.

KASISI NA FIMBO YA MUSA

Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 iliwapa wachezaji aina tatu za wahusika: mpiganaji, mtaalamu wa nguvu za siri, na kasisi. Kasisi ni mtu wa vita na wa sala kwa wakati mmoja. Haruhusiwi kutumia silaha yenye makali; huwafukuza wafu wanaotembea; na huponya majeraha. Nguvu zake zimepangwa kwa ngazi, na kila apandapo ngazi orodha yake huongezeka.

Asili ya orodha hiyo haijifichi. Imo nguvu ya kugeuza fimbo kuwa nyoka, ya kuleta kundi la wadudu waharibifu, ya kuumba chakula, na ya kufufua wafu. Msomaji wa Biblia na wa Kurani huyatambua mara moja. Katika orodha ya vifaa vinavyouzwa, pamoja na kamba na mienge, imo misalaba miwili, mmoja wa mbao na mmoja wa fedha, na ule wa fedha ni ghali zaidi. Lakini kanuni zile za kwanza hazikumtaka kasisi amtaje mungu anayemtumikia. Alitakiwa tu achague upande, wa utaratibu au wa vurugu.

Hapa ndipo penye tatizo, na mfano wa fimbo unatosha kulieleza. Katika vitabu vitakatifu fimbo haigeuki nyoka kwa sababu Musa amefika ngazi ya kutosha. Hugeuka kwa sababu kuna watu walio utumwani, kuna Farao anayekataa kuwaachia, na kuna ujumbe unaopaswa kusadikiwa. Musa mwenyewe, tendo hilo lilipotokea kwa mara ya kwanza, aliogopa na kukimbia. Katika mchezo kasisi huigeuza fimbo leo mbele ya adui, na kesho tena mbele ya adui mwingine, bila ya ujumbe wala Farao. Umbo la muujiza limebaki. Kilichoufanya uwe muujiza kimeondoka. Kwa kigezo cha Kiswahili, kilichobaki si muujiza wala karama, kwa sababu mwenyewe anaiamuru. Si uganga pia, kwa sababu hakina ada wala mwiko wa maana. Ni chombo tu.

Haki inataka isemwe kwamba watunzi waliliona pengo hili. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 1976 kilileta miungu ya mataifa mbalimbali, na mwongozo wa wasimamizi wa mwaka 1979 ulieleza kwamba nguvu za kasisi hutolewa na mungu au watumishi wa mungu huyo, na kwamba kasisi aliyeasi aweza kunyimwa. Lakini nyongeza hizo ziliuzidisha ugonjwa kwa upande mmoja zilipokuwa zikiutibu kwa upande mwingine. Miungu iliyoletwa iliandikwa kwa namna ile ile wanavyoandikwa majoka na majitu: kila mmoja na hesabu ya uhai wake, ngao yake na madhara ya pigo lake. Kiumbe mwenye hesabu ya uhai ni kiumbe anayeweza kuuawa, na mungu aliyewekwa katika hali ya kuweza kuuawa amekwisha kuwa windo. Katika miaka ya 1980 baadhi ya Wakristo wa Marekani waliushutumu mchezo huu kwamba unafundisha vijana ibada za kishetani. Shutuma hiyo ilikosea shabaha. Udhaifu wa mchezo ulikuwa kwamba haukufundisha ibada yoyote.

KITENZI KILICHOGEUZWA NAMBARI

Safari ya neno moja inaonyesha kwamba upungufu huo haukuwa wa mchezo mmoja tu. Neno mana, ambalo wachezaji wa michezo ya kompyuta hulijua kama kipimo cha nguvu kinachoshuka na kujazwa tena, lilitoka katika lugha za Melanesia na Polynesia. R. H. Codrington, mmisionari Mwingereza, alilieleza kwa wasomi wa Ulaya katika kitabu cha mwaka 1891, naye alisisitiza kwamba nguvu hiyo haikosi kuwa na roho au nafsi fulani nyuma yake. Wanaanthropolojia waliomfuata walilichukua neno hilo na kulifanya nadharia ya jumla ya nguvu isiyo na mwenyewe. Tangu mwaka 1969 mwandishi wa hadithi wa Marekani, Larry Niven, aliitumia mana kama mali ya ardhi inayochimbwa hata ikaisha, kama inavyoisha makaa ya mawe. Kutoka hapo haikuwa mbali kufika katika nambari ya mchezo.

Mwaka 1984 mwanaanthropolojia Roger Keesing aliyachunguza upya matumizi ya neno hilo katika lugha zenyewe. Alionyesha kwamba katika nyingi miongoni mwa lugha hizo mana kimsingi ni kitenzi cha hali: jambo huwa mana linapofaulu, linapotimia, linapothibitika. Wataalamu wa lugha wataiona mara moja maana ya ugunduzi huo. Kitenzi kiligeuzwa nomino, nomino ikageuzwa kitu, na kitu kikageuzwa nambari. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili aielewe hali ya awali ya neno hilo, kwani husema "dawa imekubali" na "dua imepokewa". Dawa haimiliki kiasi fulani cha kukubali. Kukubali ni tukio baina ya pande mbili, na upande mmoja wapo unaweza kukataa.

GLORANTHA: DINI YENYE MASHARTI

Greg Stafford (1948–2018) alianza kuandika juu ya Glorantha mwaka 1966, kabla ya kuwako kwa michezo ya aina hii. Hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa kuwa visasili vilitangulia na kanuni zikafuata. Kisasili kikuu ni cha Orlanth, mungu wa dhoruba, aliyemuua Yelm, mfalme wa jua, na kwa tendo hilo akauingiza ulimwengu katika Giza Kuu. Ilimbidi Orlanth mwenyewe ateremke kuzimu pamoja na wenzake kwenda kulitengeneza kosa lake na kumrudisha jua. Kwa hiyo dini ya Orlanth haikusimama juu ya ushindi wake. Imesimama juu ya kukiri kosa na kulilipa, na waumini wake huyarithi yote mawili, ujeuri wa dhoruba na wajibu wa fidia.

Katika RuneQuest hakuna aina ya mhusika iitwayo kasisi. Kila mhusika huwa na dini, kama vile kila mtu katika jamii nyingi za zamani alivyokuwa nayo, na kila dini ina daraja zake: mfuasi wa kawaida, muumini aliyeapishwa, kuhani, na bwana wa vita wa mungu huyo. Nguvu kubwa za mungu hazipatikani kwa kupanda ngazi. Muumini huzinunua kwa kutoa sehemu ya nafsi yake. Kila mhusika ana kipimo cha nguvu ya roho, ambacho mwanzoni hupatikana kwa kurusha dadu tatu. Akitaka tendo la mungu wake hukikata kipimo hicho moja kwa moja. Muumini aliyeapishwa hulitumia tendo hilo mara moja tu, na likiisha limekwisha. Kuhani huweza kulirudisha kwa kusali hekaluni, lakini kuhani naye ametoa sehemu kubwa mno ya muda wake na mapato yake kwa hekalu. Anayetaka nguvu zisizokwisha sharti aache kuwa mtu wake mwenyewe.

Kanuni iliyo bora kuliko zote ni ile ya kumwomba mungu aingilie kati wakati wa hatari. Muumini hurusha dadu za mia. Ikiwa nguvu yake ya roho ni 12, basi atasikilizwa tu ikiwa dadu zitaonyesha 12 au chini yake. Na nambari itakayoonekana ndiyo atakayolipa: zikionyesha 3, atabaki na 9, zikionyesha 11, atabaki na 1, zikionyesha 12, ombi limekubaliwa, wenzake wameokoka, na yeye amechukuliwa na mungu wake. Katika mistari michache ya hesabu imo maana ambayo kurasa nyingi za maelezo zisingeweza kuitia. Anayeomba hajui gharama kabla ya kuomba. Akiomba mara nyingi husikilizwa mara chache zaidi, kwa sababu kile anachotoa ndicho kile kile kinachomfanya asikike. Hapa nambari haikuiua ibada, imeipa umbo.

Cults of Prax iliendeleza mwelekeo huo. Kila dini katika kitabu hicho inaelezwa kwa mpango mmoja: kisasili na historia, imani juu ya maisha baada ya kifo, nafasi ya dini hiyo katika jamii, masharti ya kuingia, kisha ndipo nguvu zitolewazo. Nguvu zimekuja mwisho, baada ya msomaji kujua zimetoka wapi na zinadai nini. Wafuasi wa Chalana Arroy, mungu wa kike wa uponyaji, huapa kutomdhuru kiumbe hai, jambo ambalo katika mchezo uliojaa mapigano ni kiapo kizito kweli kweli. Wafuasi wa Humakt, mungu wa mauti na upanga, hupewa vipawa vya vita, na kwa kila kipawa hufungwa mwiko. Na akifa mmoja wao hafufuliwi, kwa kuwa kumfufua ni kumkana mungu wake. Mwenye kuiacha dini yake huandamwa na pepo wa kisasi. Baina ya maelezo hayo yamo masimulizi ya safari za Biturian Varosh, mfanyabiashara anayepita Prax na kukutana na dini hizo moja baada ya nyingine akiwa mgeni. Kwa njia hiyo dini huonekana kwanza kama adabu za watu, na baadaye tu kama orodha ya uwezo.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatakuwa mgeni wa mpango huo. Katika utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Mtu anayesoma kama mchezaji ataona kinga na udhaifu wake. Lakini sindano ile haina maana bila ya mtoto kumsaliti baba. Siri ya Liyongo ilifichwa ndani ya uaminifu wa nyumba yake, na ilipovunjwa nyumba ndiyo iliyovunjika. Vivyo hivyo katika Adili na Nduguze (1952) adhabu ya jini iliyowageuza ndugu wawili kuwa manyani inamfunga Adili pia, kwani kila usiku ni lazima awapige huku akiwahurumia. Nguvu ile haikumwachia hata mtendewa mema awe huru.

UKOO KAMA MHUSIKA

Hata hivyo RuneQuest ilibakiza kasoro moja, nayo ni kwamba agano lake ni la mtu mmoja na mungu wake. Jamii imetajwa kwa uzuri, lakini hesabu iko katika karatasi ya mhusika mmoja. Kasoro hii ilirekebishwa miaka ishirini na moja baadaye katika King of Dragon Pass. Katika mchezo huu mchezaji haongozi shujaa, huongoza ukoo. Utajiri hupimwa kwa ng'ombe. Baraza la wazee saba hutoa shauri, na mara kwa mara hawapatani. Kila mwisho wa mwaka, katika majira matakatifu, ukoo hugawa nguvu zake za kiroho kwa mambo ya mwaka ujao: mashamba, mifugo, vita, afya na mengineyo. Kilichopewa mashamba hakiwezi kupewa vita.

Linalostahili sifa zaidi ni ibada ya kukiingia kisasili. Ukoo ukikumbwa na shida, mmoja wa wakuu wake aweza kuingia katika wakati wa miungu na kuyatenda tena yale aliyoyatenda mungu, mathalani vita vya Orlanth na joka Aroka aliyekuwa amemmeza mungu wa mvua. Katika kila hatua mchezaji huulizwa afanye nini, na jibu halipatikani kwa nguvu za silaha. Hupatikana kwa kukijua kisasili. Ukoo ambao haukutoa sadaka ili ufunzwe siri ya tendo hilo, au mchezaji ambaye hakukisoma kisa kwa makini, atapotea njiani, na mhusika wake atarudi amejeruhiwa au hatarudi. Huu labda ndio mchezo wa kwanza wa aina yake uliofanya kusikiliza hadithi kuwa kazi ya lazima. Msimuliaji wa jadi aliyewakemea watoto waliosinzia angeielewa kanuni hiyo pasipo kuelezwa.

MIPAKA

Pamoja na sifa hizo, ulimwengu wa Stafford haukuepukana na upungufu, na mhakiki hana budi kuutaja. Kwanza, katika Glorantha hakuna asiyejua kwamba miungu iko. Inajibu, inaadhibu, na athari zake huonekana kwa macho. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya dini duniani ni subira: dua isiyojibiwa, mgonjwa anayefariki baada ya kuombewa, na mja anayeendelea kusali. Kanuni ya dadu za mia inaigusa hali hii kwa upande, kwa kuwa ombi hushindwa mara nyingi kuliko linavyofaulu. Hata hivyo anayeshindwa hulijua sababu yake. Ni bahati ya dadu. Shaka yenyewe haina pa kukaa.

Pili, mchezaji huchagua dini kabla ya kuanza, naye huisoma orodha yote mbele yake. Hata maelezo yawe mazuri namna gani, ni rahisi achague kama mnunuzi achaguavyo sokoni, akilinganisha faida. Mwanadamu huzaliwa ndani ya dini ya watu wake, au huingia kwa kuitwa, na mara nyingi hajui alichokubali mpaka amekwisha kukikubali. Kanuni haziwezi kuliondoa tatizo hili. Msimamizi hodari aweza kulipunguza, kwa kuwafanya wahusika wazaliwe katika kijiji kimoja chenye madhabahu moja.

FINGO NA KIGANGO

Suala hili halitabaki la Marekani peke yake. Vijana wa Afrika Mashariki wanabuni michezo, na ni haki yao watazame kwao. Lakini mali iliyo karibu ina hatari yake. Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, zina fingo, yaani kago lililozikwa ili kuwalinda wakazi. Mbunifu mwenye haraka ataiona fingo akaiandika kama kifaa cha kuongeza kinga. Atakuwa ameifanyia kama kasisi wa 1974 alivyoifanyia fimbo ya Musa. Fingo haitengani na wazee wanaoitunza kaya, na njia zisizopitwa, na miti isiyokatwa. Ikitolewa humo haibaki na nguvu ndogo. Haibaki na maana.

Historia ya karibuni imelithibitisha jambo hili kwa vitu halisi. Vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia marehemu, viliibwa kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo kama kazi za sanaa, na baadhi ya makumbusho ya Marekani yamekubali kuvirejesha. Mnunuzi wa kigango alipata mbao iliyochongwa vizuri. Familia iliyoibiwa ilibaki na deni kwa marehemu wake, na deni hilo halikuwa na mahali pa kulipiwa. Mchezo hauibi nguzo ya mtu, na kuulaumu kana kwamba umeiba ni kupita kiasi. Lakini tabia ya kukiona kitu na kutoliona deni lake ni moja, na mbunifu aliyezaliwa karibu na kaya ana udhuru mdogo kuliko yule aliyezaliwa mbali nayo.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba kazi tatu zilizochunguzwa zimepanda kutoka nguvu isiyo na mwenyewe, hadi nguvu yenye masharti ya mtu na mungu wake, hadi nguvu inayogawanywa na ukoo mzima kwa kisasili chake. Mapando hayo hayakuletwa na wingi wa kanuni. Kanuni ya dadu za mia ni fupi kuliko orodha yoyote ya kasisi, nayo imebeba dini zaidi.

Kwa mwanafunzi wa lugha kuna fundisho la ziada. Ukosefu wa neno moja pana katika Kiswahili umedhaniwa na baadhi ya watu kuwa umaskini wa istilahi unaopaswa kuzibwa kwa kuunda neno jipya. Makala hii imejaribu kuonyesha kinyume chake. Lugha inayomlazimisha msemaji achague baina ya muujiza, karama, radhi, uganga na uchawi humlazimisha aseme nguvu imetoka kwa nani na itajibiwa kwa nani kabla hajasema inafanya nini. Mbunifu atakayeziandika kanuni zake kwa Kiswahili, akaziheshimu tofauti hizo badala ya kuzifukia chini ya jina moja, atakuwa ameanza na sehemu ya kazi ambayo wenzake wa ng'ambo walihitaji robo karne kuifikia.